Mtoto Aliyekataliwa na Maji

Wakati ule nilikuwa bado mtoto wa kutumwa maji kwa ile ndoo ndogo ya rangi, ya lita kumi, ambayo mpini wake ulikatika Baba akaweka waya, na waya ule ulikuwa unanikata vidole lakini sikuwahi kulalamika kwa sababu njia ya kwenda majini niliipenda. Ilishuka kutoka nyumbani, ikapita kwenye mabani ya kukaushia tumbaku ya Baba na ya baba zangu wadogo, ikaingia kwenye mikuyu, na ukishaingia kwenye mikuyu jua lilibaki nje kama mtu aliyekatazwa mlangoni. Hapo ndipo palipokuwa na chemchemi. Palikuwa panaitwa Kwa Mwenyeji.

Naandika haya mwanangu Kadia amelala kwenye mkeka pembeni yangu, na tumboni nina mwingine ambaye hakuna anayejua habari zake isipokuwa mume wangu. Nayasema mapema ili msinishangae nikikimbiakimbia. Kuna siku nasimama kwenye foleni ya bomba hapa Mwamkulu, nasikia wanawake wanavyozungumza, natamani niongeze kitenge kingine juu ya hiki nilichovaa tumbo lisionekane. Naogopa. Na ninachokiogopa nilikiona nikiwa mdogo, ndiyo maana nimekaa kukiandika badala ya kufua.

Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa Mbende. Aliolewa pale akiwa msichana, na ndiye aliyekuwa amebaki kati ya wale waliojua kuzungumza na Mwenyeji. Nikimuuliza Mwenyeji ni nani, ni nyoka, ni mzimu, ni mtu, alikuwa anacheka kwa pua, anasema nyie watoto wa shule kila kitu mnataka kiwe na mkia au miguu. Mwenyeji ni mwenyeji. Anaishi kwenye jicho la maji, pale chini kwenye mchanga mweupe uliokuwa unachemka bila moto, na kazi yake ni kupokea. Hazamishi watoto, hapigi kelele usiku, hataki damu ya mtu. Ana jambo moja tu: ana aibu.

Aibu hiyo Bibi alinieleza siku moja tunachambua maharage. Alisema fikiria mama amepika ugali wa watu anaowajua, wa nyumba yake na majirani, halafu wanaingia wageni ambao hakuambiwa, wanaingia, wanaingia, wanakaa, wananawa mikono. Atafanya nini? Kuwafukuza hawezi, si tabia yake. Kuwaambia hakitoshi hawezi pia. Atatokea mlango wa nyuma kama anayekwenda kuchuma mboga, na hatarudi. Kwa hiyo kila atakayekunywa yale maji ilibidi Mwenyeji aambiwe mapema, apate muda wa kujiandaa. Mke mpya alipelekwa. Mtoto alipelekwa kitovu kikishadondoka. Wenyewe waliita kupeleka jina. Sisi ni Wakatoliki na wote tulibatizwa, lakini jina lilifika majini kabla halijafika kwa padri, na Bibi hakuona ugomvi wowote hapo. Alisema padri anatoa maji, sasa na yeye anayatoa wapi?

Basi watu wakaongezeka. Nikisema hivyo msinielewe vibaya, maana najua habari hizi huku kwetu zikisimuliwa huanzia kwa wageni. Ni kweli walikuja. Walikuja Wasukuma na ng'ombe wao, zikaja familia zenye asili ya Burundi zikitafuta ardhi ya kulima nje ya makazi yao ya zamani, wakaja na wale waliofuata dhahabu Mpanda wakachoka wakarudia jembe. Lakini na sisi tuliokuwepo hatukukaa tu. Babu alikuwa na shamba moja na watoto wengi wa kiume, kila mmoja akataka shamba lake, kila mmoja akajenga bani, na bani likishawashwa linakula magogo kama mtu anavyotafuna karanga. Nyumbani kwetu mimi ndiye wa kwanza, na nyuma yangu Mama hajamaliza kumwachisha mmoja ziwa, mwingine yuko njiani. Bibi alikuwa anasema zamani akitazama moshi asubuhi anajua ni wa nyumba gani na wanapika nini. Siku zile moshi ulikuwa mwingi, umechanganyika, hata yeye alikuwa ameacha kutazama.

Vitalu vya miche ya tumbaku vilimwagiliwa kwa maji ya Mwenyeji asubuhi na jioni, na mtu wa kwanza kuleta pampu na kuutumbukiza mpira wake mle kwenye jicho alikuwa Baba. Bibi alisimama akamwangalia mpaka injini ikashika. Akamuuliza, umepeleka jina la hiyo mashine? Baba akamjibu mashine haina kitovu, Mama. Tukacheka wote, hata mimi nilicheka, ilichekesha kweli.

Mwaka huo mvua ziliisha mapema, na kiangazi kikiwa kichanga Mama akajifungua mtoto wa kiume. Akaitwa Deogratias, sisi tukamwita Deo. Kitovu kilipodondoka Bibi akamfunga kifuani kwa kitenge, mimi nikabeba unga wa ulezi kwenye jani la mgomba, tukashuka asubuhi umande bado uko kwenye majani. Nilikuwa nimeona wadogo zangu wengine wakipelekwa, kwa hiyo nilijua kinachotokea: unga unawekwa juu ya maji, unatulia kidogo, halafu unaanza kujizungusha polepole, unajikusanya, unakwenda kama mtu aliyeitwa jina, unafika kwenye ukingo yanapotokea maji kwenda kijitoni, na hapo unapotea. Ukipotea, mtoto amepokelewa, mnarudi nyumbani kula.

Bibi alichuchumaa. Akaweka unga kwa vidole vitatu, taratibu, kama anayemlisha ndege.

“Mwenyeji, amekuja mwingine. Ni wa kwetu. Anaitwa Deo. Atakunywa kidogo kidogo, hana papara.”

Unga ukakaa. Tukasubiri. Deo alikuwa anatoa visauti vya kitoto, anamtafuta mama yake kwenye kifua cha Bibi. Unga umekaa palepale kama vumbi juu ya uji uliopoa. Bibi akaongeza mwingine, akarudia maneno yale yale kwa Kibende sasa, sauti imeshuka. Ukakaa. Halafu kaupepo kadogo kakapita, na ule unga badala ya kwenda ulikokuwa unakwenda siku zote ukarudi kwetu, ukaja hadi ukingoni, ukaganda kwenye vidole vya miguu ya Bibi.

Leo nikikumbuka najua kulikuwa na nini pale. Maji yalikuwa yameacha kusukuma, basi. Chemchemi ilikuwa inakufa na unga hauna wa kuupeleka. Nimesoma hadi kidato cha nne, naweza kukueleza kuhusu maji ya chini ya ardhi na miti na mizizi. Lakini ile asubuhi nilimwona Bibi anajifuta vidole kwa jani, anajifuta na anarudia kujifuta pale pale palipokwisha kuwa safi, na mwili wangu wote uliingia baridi, na baridi ile haijui kidato cha nne. Akaniambia tusimwambie Mama.

Mimi sikumwambia. Bibi ndiye aliyemwambia Shangazi Philo, binti yake, kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kuona mtoto anakataliwa na hakujua afanye nini. Na kumwambia Shangazi Philo jambo ilikuwa sawa na kulitangaza kanisani.

Kiangazi kikakaza. Mchanga mweupe ukaacha kuchemka. Tukawa tunachota kwa bakuli, tunakwangua, tunasubiri yajikusanye, tunakwangua tena, yanatoka na tope. Wanawake walianza kulala na ndoo zao pale. Na mtu akishakaa muda mrefu anasubiri maji, mdomo nao unatafuta kazi. Wakaulizana ilianza lini. Mmoja akasema ilianza kabla ya vitalu, mwingine akasema hapana, ilianza alipoletwa yule mtoto wa Mama Vero, si mmesikia unga ulirudi? Vero ndiye mimi. Kwa hiyo jina langu lilikuwemo. Na Deo, ambaye hata shingo ilikuwa bado haijakaza, akapewa jina lake: Kiangazi. Kiangazi kalia usiku, Kiangazi kanenepa, mwone Kiangazi anavyoshiba na sisi tunakwangua.

Mama yangu hakuwa wa pale, ametokea Mpimbwe, na hakujua lolote mpaka siku alipofika majini akakuta ndoo yake imetolewa kwenye mstari na kuwekwa kando, juu ya jiwe, imegeuzwa. Hawakumtukana. Hiyo ndiyo ninayoikumbuka, hakuna aliyemtukana. Mwanamke mmoja aliyekuwa rafiki yake alisema kwa upole, Mama Vero, wewe chota wa mwisho, hatujui. Mama akaichukua ndoo yake, akarudi nayo tupu, nami nyuma yake, na njia ile niliyoipenda sikuipenda tena.

Jioni ile alikuja Mama Kabula, jirani yetu Msukuma, na chupa ya maziwa chini ya khanga. Alikaa jikoni, akamtazama Deo, akamshika kidole cha mguu. Mwaka uliotangulia maneno yote yalikuwa juu ya ng'ombe wake, kwamba wamekanyaga, wamemaliza, wamechafua, hadi mumewe akawahamisha.

“Afadhali zamu imekuwa yako, Mama Vero,” alisema. “Leo nimelala usingizi mzuri. Wamenisahau kabisa.”

Mama alicheka, akacheka mpaka akalia, na Mama Kabula akaendelea kushika kile kidole.

Halafu ndugu wakakaa kikao. Watoto hatukuruhusiwa lakini nyumba za udongo zina masikio, nilikaa nyuma ya ukuta na mdogo wangu mapajani. Shangazi Philo ndiye aliyesema sana. Alisema hamchukii mtoto, ni damu yake, lakini mtoto aliyekataliwa na maji haya akatafutiwe maji mengine. Apelekwe Mpimbwe kwa bibi yake mzaa mama. Mama Vero akakae naye muda kidogo, amzoeze maziwa ya ng'ombe na uji, kisha yeye arudi kwenye kazi na watoto wengine, Deo abaki huko. Akiondoka, Mwenyeji atarudi. Baba zangu wadogo wakasema ni sawa. Baba akasema, kama ndiyo hivyo.

Kama huna mtoto labda hujaelewa nilichokisikia nyuma ya ule ukuta. Mtoto anayenyonya tu, bado mbichi, aachishwe na kupewa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji ya shimo, wakati wa kiangazi. Kulikuwa na nyumba ya tatu kutoka kwetu waliofanya hivyo mama wa mtoto alipougua, na kaburi la mtoto yule lilikuwa dogo mno, mtu ungeweza kulipita ukadhani ni tuta la viazi. Nililijua. Wote waliokaa kwenye kile kikao walilijua, walikuwa wamesaidia kulichimba. Lakini mtu mwenye kiu haoni kaburi, anaona ndoo.

Mama hakubisha. Hilo lilinishangaza sana, maana Mama alikuwa mtu wa kubisha, alikuwa anabisha hata bei ya chumvi. Alifunga nguo zake na za Deo kwenye mfuko, akanichukua na mimi nikamsaidie njiani, tukapanda lori lililokuwa linakwenda kubeba mpunga. Dereva alimfahamu Baba. Tulikaa nyuma juu ya magunia matupu, vumbi linatufuata, Mama amemfunika Deo uso kwa khanga, na tangu tunaondoka hadi tunafika Sitalike hakunisemesha.

Sitalike lori likasimama, dereva akaenda kula. Mama akasema tushuke tunyooshe miguu. Tukatembea hadi darajani, na kabla hatujaona kitu tulipigwa na harufu. Harufu ya tope lililooza na mavi na kitu kingine kama samaki aliyesahaulika juani. Tukachungulia.

Mto Katuma haukuwepo. Kulikuwa na bwawa moja la tope, rangi ya chai iliyozidi majani, na ndani yake viboko. Nilikuwa nimeshawahi kuona viboko, si hivyo. Walikuwa wamepangana mgongo kwa mgongo, hakuna nafasi ya kupitisha mkono kati ya mmoja na mwingine, wengine wamepandiana, migongo imekauka na kupasuka kama kuta za nyumba yetu, wana vidonda, na wale wa pembeni hata tope halikuwafikia, wamelala tu kwenye ardhi wanapumua. Katoto kamoja kalikuwa kanajaribu kujipenyeza kuingia kwenye tope na kila kakijipenyeza kanasukumwa nje. Hakakuwa kanaumwa, kalikuwa tu kamefika wa mwisho. Kanasukumwa, kanarudi. Mama alikuwa anakaangalia kale katoto.

Pembeni yetu kulikuwa na mama muuza mihogo ya kuchoma, amezoea, hata hageuki kutazama. Mama akamuuliza kama kila mwaka huwa hivi. Yule mama akasema kubanana wanabanana kila kiangazi, lakini miaka hii ni zaidi, maji yanaishia huko juu, watu wanalima, wana pampu, wana mifereji, hayafiki.

“Huko juu wapi?” Mama akauliza.

“Si huko mnakotoka nyie.”

Alisema bila ubaya, anageuza muhogo wake. Mama alisimama pale muda mrefu mpaka dereva akaanza kupiga honi. Kisha akanunua muhogo, akaumega, akanipa nusu, akamwambia dereva aende tu, atushushie mfuko wetu. Dereva akamuuliza umesahau kitu nyumbani? Mama akasema ndiyo. Tukakaa kivulini mpaka tukapata gari la kurudi.

Tulifika jioni. Watu walikuwa wanakula, Shangazi Philo naye yupo. Mama hakusalimia, na hilo kwetu ni jambo kubwa, mwanamke aliyeolewa kumpita mama mkwe bila kupiga goti. Alisimama katikati ya uwanja, akamfunua Deo, akamwinua mbele yao wote.

“Mtoto huyu ananyonya. Hajanywa hata tone la maji ya hapa. Niambieni ameyakausha kwa mdomo gani.”

Shangazi aliacha tonge mkononi. Mama akaendelea, sasa maneno yanatoka kama yalikuwa yamefungwa, akasema nimewaona viboko wa Sitalike wanakufa kwenye tope, na hao nao kawakaushia Deo? Amefikaje huko, kwa miguu ipi? Akasema kama anatafutwa aliyekunywa, tuanze na mimi, nimekunywa miaka yote niliyoolewa hapa, nimefua, nimezaa na watoto wangu wote wanakunywa, kisha tuje kwa mume wangu na mpira wake, kisha kila bani, kisha kila ng'ombe na kila jaruba la mpunga, na tukimaliza wote ndipo tuje kwa huyu, na tutamkuta ana deni la ziwa langu tu. Akaketi chini palepale, akamnyonyesha.

Baba aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Baadaye tulisikia anaukunja mpira wa pampu, unaburuzika.

Bibi ndiye aliyezungumza mwisho. Alikuwa ameweka sahani chini, hajala. Alisema polepole, kama anayejaribu neno kwa ulimi kwanza:

“Nilimuuliza Mwenyeji habari za mtoto. Labda yeye alikuwa ananijibu habari zetu.”

Deo hakwenda popote. Nataka niseme kwamba baada ya hapo watu walielewa, na maji yakarudi, lakini si hivyo. Jina la Kiangazi lilibaki naye. Baba aliitoa pampu mwaka ule, mwaka uliofuata akairudisha, tulihitaji ada, na ada ile ndiyo iliyonifikisha sekondari, sasa nimlaumu kwa kinywa gani? Mvua zilipokuja chemchemi ilirudi kidogo, inatoka kwa kusitasita, kisha baba mdogo mmoja akakata mkuyu wa kwanza kwa mkaa, na wa pili haukuwa na wa kuutetea. Bibi alifariki miaka michache baadaye. Siku za mwisho alikuwa anakataa maji, ukimpelekea kikombe anauliza wengine wamekunywa? Mwaka jana nilipita nikitafuta mahali penyewe nimwonyeshe mume wangu. Sikupaona. Ni majaruba mpaka mwisho wa macho, na mpunga ulikuwa umestawi, mzuri, wa kijani, siwezi kudanganya.

Deo sasa ni kijana mkubwa, yuko Kapalamsenga, anasema alikwenda ziwani kwa sababu huko hakuna wa kumsingizia. Anasema kwa utani. Halafu anasema huko nako wanalalamika samaki wamepungua, wavuvi wamezidi, na mgeni ni yeye.

Mume wangu naye ana pampu. Iko hapo nje, inakunywa Katuma, na ugali ninaokula na nguo aliyovaa Kadia vinatoka kwenye mpira huo. Mimi najua huko chini yake kuna Sitalike. Nikimwambia, anasema nikizima mimi, jirani atazima? Na sitaki kujidanganya kwamba idadi yetu si kitu, Bibi hakuwa mjinga, sufuria ni sufuria. Tumekubaliana mimi na mume wangu kwamba huyu wa tumboni ndiye wa mwisho, muuguzi wa zahanati ameshanieleza habari za kijiti, mama mkwe bado hajui, na siku atakayojua itakuwa kesi. Lakini huyu ameshakuja. Huyu yupo. Na kwenye foleni ya bomba, likianza kutoa upepo badala ya maji, wale wa upande huu wanasema wa upande ule wanazaa mno, wale wa upande ule wanasema wafugaji, wafugaji wanasema wakulima, na macho yanazunguka, yanazunguka, yanamtafuta aliyefika wa mwisho. Mimi nakaza kitenge.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Mama. Nilitaka aniambie alipata wapi ule ujasiri, nilitaka niuone uko wapi nijichotee na mimi. Nilimwambia tangu utotoni nimekuwa nikimwona kama shujaa, yeye peke yake aliyejua ukweli na wengine wote waliokuwa pale hawakuujua. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta.

“Sikuwa najua chochote, Vero. Nilikuwa nimeshaamini. Kwenye lori nilimfunika uso si kwa ajili ya vumbi. Nilikuwa namnyonyesha na namsikia anavyomeza, namhesabia, nasema moyoni, huyu kweli anamaliza. Kama lori lisingesimama Sitalike, ningemwacha Mpimbwe, na ningerudi nikalala.”

Akapeta tena mara mbili tatu, pumba zikaruka. Akasema hajawahi kumwambia Deo na nisimwambie.

Basi hilo ndilo nililorudi nalo. Miaka yote nimekuwa nikiogopa watu wa kwenye foleni, nikiogopa shangazi wa aina ile, kikao, jina baya. Sasa najua kiu haiishii kwao. Inaingia hadi ndani ya khanga, hadi kwenye ziwa, inamfikia mama aliyezaa, na haimwambii kwamba imefika. Mama aliokolewa na dereva aliyekuwa na njaa. Mimi sijui nitakaposimama ni wapi.

Kadia ameamka, anataka maji. Nimempa kikombe, ameshika kwa mikono miwili. Nimegeuza uso nisimtazame anavyomeza.